Tairi Hufuata Barabara

Hapa Sherbrooke, jimbo la Québec nchini Kanada, Novemba ni mwezi wa heka heka kwetu sisi mafundi wa matairi. Redio ikitangaza tu kwamba theluji ya kwanza inakuja, foleni ya magari hutoka mlangoni kwa gereji hadi barabara kuu. Karibu kila mteja ana seti mbili: moja ya kiangazi, moja ya majira ya baridi. Tukilifungua tairi tunaliandika kwa chaki mahali lilipotoka, mbele kushoto au nyuma kulia, ndipo tunalipeleka stoo kulala hadi Aprili.

Wenyeji wamezoea, hawaulizi. Wanaouliza ni ndugu zetu waliofika karibuni kutoka Uvira, Bujumbura na kwetu Kigoma. Swali lao ni la haki kabisa: gari limeuzwa likiwa na matairi yanayoitwa ya misimu yote, na baridi ni msimu, mbona basi tunaambiwa tununue mengine? Jibu fupi ni kwamba sheria inataka. Jibu la kweli ni historia ya karibu miaka mia moja, na naipenda historia hiyo kwa sababu inafundisha jambo moja lililo wazi: tairi hufuata barabara. Kila barabara ilipobadilika, tairi nalo lilibadilika, na anayechagua tairi bila kuijua barabara yake anachagua gizani.

Katika miaka ya 1930, gari katika vijiji vya Québec lilikuwa chombo cha kiangazi. Theluji ikikaza, mwenye gari aliliinua juu ya magogo ghalani, akarudi kwa farasi na sleji hadi barafu iyeyuke. Valcourt, mji mdogo usio mbali na hapa, palikuwa na fundi kijana aitwaye Joseph-Armand Bombardier. Majira ya baridi ya mwaka 1934 mwanawe mdogo alishikwa na ugonjwa wa tumbo, njia ya kwenda hospitali ikiwa imezibwa na theluji, na mtoto akafariki. Bombardier alikuwa tayari ameanza kubuni gari la kupita juu ya theluji, na baada ya msiba ule hakuacha mpaka alipolipata. Mwaka 1937 alipewa hataza ya mtambo wake wa mikanda ya mpira, akaanza kuuza gari la B7 lililochukua watu saba. Baadaye likaja kubwa zaidi, na magari hayo yakawabeba madaktari, posta na watoto wa shule mahali ambapo gurudumu la kawaida halikuweza kufika.

Kisha barabara ikabadilika. Mwaka 1948 serikali ya Québec iliamua kwamba barabara zisafishwe theluji majira yote ya baridi, za vijijini pia. Mauzo ya magari ya Bombardier yakaanguka, naye akalazimika kutafuta soko lingine, hatimaye akatengeneza pikipiki ya theluji ya Ski-Doo mwaka 1959. Kwa raia wa kawaida uamuzi ule ulikuwa na maana kubwa zaidi: gari lilishuka kutoka kwenye magogo, likaanza kutembea mwaka mzima. Hapo ndipo swali la tairi lilipoingia nyumbani kwa kila mtu.

Jibu la kwanza lilikuwa limeshapatikana Finland. Mwaka 1934, katika mji wa Nokia, kiwanda cha mpira kilitoa tairi la kwanza la theluji duniani, la malori, likiitwa Kelirengas. Miaka miwili baadaye wakatoa la magari madogo, Hakkapeliitta, jina linalotumika mpaka leo. Barabara za Finland wakati ule zilikuwa na theluji nene, kwa hiyo kazi ya tairi ilikuwa kuchimba. Matairi yale yalikuwa na kashata kubwa, yaani vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, zenye mifereji ya kukata upande hadi upande. Theluji iliingia kwenye mifereji, ikagandamizwa, na ile iliyogandamizwa ndiyo ikashikana na theluji ya chini, kwa sababu theluji hushika theluji vizuri kuliko mpira unavyoishika. Mtu wa Kigoma aliyeona lori likihangaika kwenye tope la masika ataielewa kanuni hiyo mara moja.

Huku Amerika ya Kaskazini magari yalisukumwa na magurudumu ya nyuma. Basi watu walinunua matairi mawili tu ya theluji, wakayafunga nyuma, mbele wakaacha ya kawaida. Gari liliondoka na kupanda mlima, na hilo ndilo walilolitaka. Habari ya kusimama na kukata kona haikufikiriwa sana.

Lakini barabara inayosafishwa ina tabia zake. Greda likishapita, kinachobaki si theluji nene, bali ganda jembamba la barafu, au lami yenye maji ya chumvi yanayoganda usiku. Chumvi yenyewe, joto likishuka chini ya takriban nyuzi 15 chini ya sifuri, hudhoofika sana, na wafanyakazi wa barabara humwaga mchanga. Kashata kubwa za kuchimba hazina cha kuchimba hapo. Ndipo zikaja pini za chuma. Kufikia miaka ya 1960 matairi yenye pini yalienea Skandinavia, Ujerumani, Kanada na baadaye Japani. Yalishika barafu vizuri kweli, lakini barafu ilipokwisha yaliitafuna lami. Ujerumani iliyapiga marufuku mwaka 1975. Katika mji wa Sendai, Japani, vumbi la lami lililochimbuliwa na pini lilijaa hewani hata wananchi wakalalamika kuhusu afya zao, na mwaka 1990 Japani ikatunga sheria ya kuyaondoa. Québec bado inayaruhusu, kuanzia 15 Oktoba hadi 1 Mei.

Wakati huohuo Wamarekani walikuwa wakilitazama tatizo jingine. Barabara zao kuu zilikuwa safi karibu muda wote, na watu walichoka kubadilisha matairi mara mbili kwa mwaka. Mwaka 1977 Goodyear ilitoa Tiempo, tairi la radiali lililouzwa kama tairi la misimu yote. Miaka michache baadaye magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele yakaenea. Uzito wa injini ukawa juu ya magurudumu yanayovuta, gari likaondoka kwenye theluji bila shida kubwa, na wengi wakaamini kwamba tairi la theluji limepitwa na wakati. Kwa Atlanta au Dallas imani hiyo haikuwa na madhara makubwa. Kwa Québec ilikuwa hatari, kwa sababu kuondoka si kusimama.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nacho ni mpira wenyewe, si michoro yake. Mpira wa tairi hushika barabara kwa sababu ni laini: huingia katika vinyweleo vya lami na kuvikumbatia. Ukipoa sana hukakamaa. Watengenezaji wengi husema mpira wa kawaida huanza kupoteza ulaini wake kwenye nyuzi 7 hivi juu ya sifuri, yaani kabla theluji haijaanguka hata punje moja. Mpira wa tairi la baridi huchanganywa kwa namna ya kubaki laini kwenye baridi kali, kwa kutumia mpira wa asili kwa wingi zaidi na, tangu miaka ya 1990, silika. Kila kashata ina mikato myembamba kama ya wembe, mingi sana, inayofunguka tairi linapokanyaga na kukwangua utando wa maji ulio juu ya barafu. Japani, ilipokuwa ikijiandaa kuachana na pini, iliisukuma mbele kazi hii: Blizzak ya Bridgestone iliyotoka mwaka 1988 ilikuwa na mpira wenye vitundu vidogo vya kunyonya utando huo.

Mwaka jana alikuja mama mmoja wa Uvira anayehudumia wazee usiku. Alikuwa amenunua gari lililotumika, lenye matairi ya misimu yote ambayo kashata zake zilikuwa bado ndefu.

“Papa,” akaniambia, “haya bado mapya. Niyatoe kwa nini?”

Ilikuwa asubuhi ya baridi kali na matairi mengine yalikuwa yamelala nje usiku kucha. Nikamwambia, “Mama, vua glavu, ubonyeze hili, halafu lile.” Akabonyeza kashata ya tairi la baridi, ikabonyea chini ya kidole gumba. Akabonyeza la misimu yote lililokuwa pembeni, kidole kikagota. Akarudia mara ya pili, kisha akauliza bei. Sikuhitaji kuongeza neno.

Serikali nayo ilifikia uamuzi wa kuyalazimisha matairi ya baridi kwa njia ya hesabu. Uchunguzi uliofanywa Québec kabla ya sheria ulionyesha kwamba magari yasiyo na matairi ya baridi yalikuwa kama asilimia 10 tu, ila yalihusika katika asilimia 38 ya ajali za majira hayo. Bunge la jimbo likapitisha sheria Desemba 2007, ikaanza kutumika tarehe 15 Desemba 2008: matairi yote manne, hadi 15 Machi. Tangu 2019 muda unaanza 1 Desemba. Neno “yote manne” lina uzito. Ukifunga mawili mapya mbele peke yake, gari linashika mbele na kuteleza nyuma, na kwenye kona mkia unaweza kuutangulia uso.

Ikabaki hoja ya tairi gani lihesabiwe kuwa la baridi. Herufi M+S, ambazo mgeni huziona ubavuni mwa tairi na kutulia moyo, zinaeleza umbo la mifereji tu, na mtengenezaji anaweza kuziweka bila kulipima tairi kwenye theluji. Mwaka 1999 vyama vya watengenezaji wa Marekani na Kanada vilianzisha alama nyingine, mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake, kwa tairi lililopimwa kwenye theluji iliyoshindiliwa na kushika kwa angalau asilimia 10 zaidi ya tairi la kulinganishia. Québec ilianza kuidai alama hiyo 15 Desemba 2014, isipokuwa kwa tairi lenye pini.

Alama hiyo ilifungua mlango wa aina ya tatu. Mwaka 2015 Michelin ilileta Ulaya CrossClimate, tairi la kiangazi lililoupita mtihani wa mlima, na sasa kampuni nyingi zina matairi ya mwaka mzima yenye alama. Hapa Québec ni halali kwa baridi. Kwa hiyo mteja wangu wa leo ana njia mbili halali, si moja, na lazima ajue kipimo kile kinapima nini: mvuto kwenye theluji. Hakipimi breki kwenye barafu, wala kona. Tairi la mwaka mzima linapaswa pia kustahimili lami ya Julai, kwa hiyo mpira wake hauwezi kuwa laini kama wa lile linalopumzika kiangazi.

Ushauri wangu unatokana na historia hiyo yote. Anayeishi mjini, mitaa yake ikisafishwa mapema, na anayeweza kubaki nyumbani siku ya dhoruba, tairi la mwaka mzima lenye alama ya mlima litamtosha, nami humuuzia bila wasiwasi. Anayetoka kazini saa kumi na moja alfajiri kabla ya greda, anayepanda vilima kuelekea Orford, au anayebeba watoto kwenye barabara kuu ya 10 kila siku, anahitaji seti ya baridi. Gharama haiwi mara mbili kama wengi wanavyodhani, maana kila seti inapumzika wakati nyingine ikifanya kazi.

Na seti yoyote uliyonayo, ipime. Sheria inakubali kashata ya milimita 1.6, lakini kwa kuanza majira ya baridi inashauriwa iwe 4.8. Chukua sarafu ya senti 25 yenye picha ya karibuu, yule mnyama wa kaskazini mwenye mapembe, uiingize kwenye mfereji, pua yake ikiangalia chini. Ncha ya pua ikionekana, tairi hilo limekwisha kwa kazi ya theluji, hata kama ubavuni lina alama ya mlima. Baada ya kufunga, endesha kilomita 50 hadi 100, kisha urudi nati zikazwe upya. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na gereji yetu haitozi chochote.