Samaki wa Pauni 100

Siku hizi, darasani kwetu uzamili, kuwaita wananchi wakusanye data huitwa utafiti shirikishi, kana kwamba ni jambo jipya. Mimi humkumbuka J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki wa Afrika Kusini. Silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka miaka milioni 65 hivi iliyopita, alivuliwa huko mwaka 1938, lakini viungo vyake vya ndani vikatupwa. Smith alitaka mwingine, mzima. Akasambaza matangazo yenye picha pwani ya Afrika Mashariki, zawadi pauni 100.

Aliwaza vyema: nani aijuaye bahari kumshinda mvuvi? Ila tangazo lilikuwa la Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Desemba 1952 Ahamadi Abdallah alimvua silikanti Anzwani, Komoro, akampeleka sokoni kama kitoweo. Mwalimu wa shule aliyekwisha kuliona tangazo ndiye aliyemtambua.

Wenyeji walikuwa wakimvua tangu zamani, na jina walikuwa nalo: gombesa. Tangazo lilitaka samaki asikatwe. Kina anachokaa au chambo anachokula halikuuliza. Smith akaja kwa ndege ya jeshi, akamwita Malania, kwa heshima ya Malan, Waziri Mkuu wa serikali ya ubaguzi wa rangi, aliyetoa ndege hiyo. Abdallah akapata pauni zake.

Baadaye ikabainika kuwa ni yuleyule wa 1938, amepungukiwa na pezi. Jina la Malania likafutwa. Komoro bado wanamwita gombesa.