Nani Alipiga Picha Hii ya Makka?



Ndugu yangu, kila msimu wa Hija ukikaribia, picha za Makka ya zamani huanza kuzunguka kwenye simu zetu. Al-Kaaba iko katikati, nyumba za mawe zimesogea mpaka karibu na kuta za Msikiti, vilima vinaonekana wazi nyuma yake. Chini yake mtu ameandika: "Makka ya zamani, sema MashaAllah, sambaza." Unasema MashaAllah, unasambaza. Hujauliza nani aliyeipiga wala mwaka gani.

Hadithi ingekujia namna hiyo, haina mpokezi hata mmoja, ungeirudisha. Basi leo tuitafutie picha hii isnadi yake.

Mtu wa kwanza tunayemjua kupiga picha miji hii miwili mitukufu ni Mmisri, Muhammad Sadiq Bey, mhandisi wa jeshi aliyesoma Paris. Mwaka 1861 alitumwa Hijaz kupima njia, akabeba na kamera yake, akapiga picha Madina. Mwaka 1880 akarudi na msafara wa mahmal wa Misri, safari hii akiwa mtunza fedha, akapiga picha Makka. Usidhani ilikuwa kazi ya kubonyeza tu. Kioo kilipakwa dawa, kikapigwa picha kingali kibichi, kisha kikasafishwa kabla hakijakauka. Fanya hivyo chini ya jua la Hijaz! Mwaka 1881 picha zake zilipata medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya jiografia kule Venice. Huyu jina lake halikupotea, kwa sababu aliandika vitabu vyake mwenyewe.

Wa pili ndiye ninayetaka umjue. Alikuwa tabibu, mkazi wa Makka, al-Sayyid Abdul-Ghaffar. Ndiye mpiga picha wa kwanza mwenyeji wa Makka tunayemjua.

Mwaka 1884 alifika Jeddah msomi wa Kiholanzi, Christiaan Snouck Hurgronje. Mwanzoni mwa 1885 alitamka shahada, na Februari akaingia Makka. Moyo wake tunamwachia Allah. Tunachojua ni kwamba miaka michache baadaye alikuwa mshauri wa serikali ya kikoloni ya Uholanzi katika vita dhidi ya Waislamu wa Aceh. Makka alikaa miezi sita hivi. Gazeti la Ufaransa liliandika habari iliyomhusisha na jiwe la kale la Tayma, watawala wa Kiothmania wakamfukuza mwezi Agosti, hata Hija hakuiwahi.

Alipokuwa Makka alifanya kazi ya picha pamoja na yule tabibu. Alipoondoka, kazi iliendelea. Tabibu akapiga picha Haram, mahujaji, masharifu na watu wakubwa wa mji, na picha zikapelekwa Uholanzi kupitia ubalozi wao mdogo wa Jeddah. Yule aliyefukuzwa akaendelea kuiona Makka kwa jicho la mtu mwingine.

Sasa sikiliza vizuri hapa.

Mwaka 1889 Snouck alichapisha kitabu cha picha kiitwacho Bilder aus Mekka. Picha zile ni za tabibu. Katika utangulizi anatajwa kama daktari ambaye Snouck alimfundisha upigaji picha, basi. Jina hakuna. Na tabibu alikuwa na desturi ya kuandika saini yake kwa Kiarabu, kwa hati nzuri, ndani ya picha yenyewe. Katika picha zilizochapishwa, saini ile ilifutwa. Hebu fikiria mtu amefanya kazi ya miaka, ameweka jina lake kwa mkono wake, na kazi inafika Ulaya bila jina.

Kuna jambo lililozidisha utata. Snouck alipotamka shahada, alichukua jina gani? Abdul-Ghaffar! Majina yao yanafanana. Wanafunzi wa elimu ya wapokezi wanalijua tatizo hili: ukikuta "Sufyan" peke yake, huna budi kuuliza, ni al-Thawri au ni Ibn Uyayna? Ukikuta "Hammad", ni Ibn Zayd au Ibn Salama? Maulamaa wetu waliandika vitabu vizima kuwatenganisha watu wenye jina moja, ili kauli ya huyu asibebeshwe yule. Kwenye picha hizi hakuna aliyefanya kazi hiyo kwa karibu miaka mia. Sifa zikaenda kwa Mholanzi, mpaka watafiti walipoziketia saini zilizobaki kwenye nakala za asili, wakazisoma moja moja, ndipo tabibu akapata haki yake.

Linganisha na picha nyingine unayoijua, ya kijana anayeogelea kando ya al-Kaaba wakati wa mafuriko ya 1941. Nayo inazunguka bila jina. Lakini kijana yule, Ali al-Awadhi wa Bahrain, aliishi mpaka 2015, akasimulia mwenyewe yaliyotokea siku ile. Tabibu hakupata nafasi hiyo. Shahidi wake ni maandishi yake tu.

Na mashahidi hao leo unaweza kuwafikia bure. Qatar Digital Library ilifunguliwa mwaka 2014 kwa ushirikiano wa Qatar na Maktaba ya Uingereza, kwa Kiarabu na Kiingereza. Humo utakuta kurasa za kitabu cha Snouck, na maelezo yanayomtaja tabibu kwa jina. Chuo Kikuu cha Leiden kilichohifadhi karatasi za Snouck nacho kimeweka nakala mtandaoni. Mimi nakushauri uanze na za Leiden, kwa sababu kwenye baadhi ya zile za asili hakuna aliyefuta kitu.

Fungua moja, uikuze mpaka chembechembe zake zionekane, halafu utafute mstari wa Kiarabu. Kama umesoma madrasa, huhitaji mkalimani: Abdul-Ghaffar, tabibu wa Makka.