Free Derry Corner
Free Derry Corner ni ukuta wa ubavuni wa nyumba ya zamani, uliobaki umesimama peke yake katika mtaa wa Bogside, mjini Derry, Ireland ya Kaskazini. Januari 1969 polisi waliuvamia usiku mtaa huo wa Wakatoliki na kuwapiga wakazi. Muda mfupi baadaye ukutani yakaandikwa, harakaharaka na kwa mwandiko wa kupindapinda, maneno ya kumjulisha mpita njia kwamba sasa anaingia Derry huru. Mwezi Agosti, baada ya mapigano ya siku 3 kati ya wakazi na polisi, ukuta ulipakwa rangi nyeupe na maneno yakaandikwa upya kwa herufi kubwa nyeusi. Hiyo ndiyo sura inayojulikana hadi leo. Jeshi la Uingereza liliondoa vizuizi ambavyo wakazi walikuwa wameviweka mtaani Julai 31, 1972, lakini maandishi hayakuondoka. Nyumba zilipobomolewa, ukuta uliachwa, na hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo wa thamani yake kwa watu wa Bogside. Mara nyingine weupe wake hubadilishwa kwa muda, hata kuwa waridi, kuunga mkono harakati fulani.