Ushindani wa madume katika kupandana

Ushindani wa madume ni hali ya madume wa spishi moja kugombea majike. Charles Darwin aliueleza kwa kirefu mwaka 1871. Mwaka 1970 Geoff Parker wa Uingereza alionyesha kwamba ushindani huendelea hata baada ya kupandana, kwa kuwa mbegu za madume wawili huweza kukutana ndani ya jike mmoja. Mapigano ndiyo huvuta macho ya watu, lakini mara nyingi kuwapo tu kwa mpinzani hutosha kumbadilisha dume mwenendo.

Tembo

Hakuna mnyama wa Afrika anayelidhihirisha jambo hili vizuri kuliko tembo. Dume aliyekomaa huingia katika masti kwa vipindi: homoni za kiume hupanda, tezi zilizo kati ya macho na masikio huchuruzika, mkojo hudondoka, naye huzurura akisaka majike. Joyce Poole na Cynthia Moss waliieleza hali hiyo kwa tembo wa Afrika mwaka 1981, kutokana na utafiti wao Amboseli, Kenya. Dume mkubwa huweza kukaa kwenye masti kwa miezi. Kijana akikutana na mkubwa wa namna hiyo hushusha kichwa na kujitenga, na masti yake mwenyewe huweza kukatika upesi.

Pilanesberg, Afrika Kusini, ilionyesha kinyume chake kwa gharama kubwa. Hifadhi hiyo ilipelekewa tembo yatima kutoka Hifadhi ya Kruger, bila madume wazee. Vijana hao walipokua waliingia masti mapema mno na kwa muda mrefu, na kati ya 1992 na 1997 waliua vifaru weupe zaidi ya 40. Mwaka 1998 waliletwa madume wakubwa 6 kutoka Kruger. Masti ya vijana ilifupika na mauaji yakakoma. Wazee hao hawakuhitaji kumuua yeyote.

Nyamera

Katika Masai Mara, jike wa nyamera huwa kwenye joto kwa takriban siku moja tu. Akitaka kuondoka kwenye eneo la dume, dume huyo hutoa mkoromo wa kuonya kana kwamba kuna simba mbele. Jike husita, na mjanja hupata nafasi ya kumpanda. Majike nao hugombana kwa ajili ya madume bora, wakati mwingine wakivuruga wenzao wanaopandwa.

Simba

Madume wapya wanaotwaa kundi huua watoto wadogo wa waliotangulia. Hivyo mama wa watoto hao hurudi kwenye joto mapema.

Umuhimu kwa uhifadhi

Uwindaji wa tembo wenye pembe kubwa huondoa madume walewale wanaowazuia vijana. Idara inayotoa vibali kwa kuhesabu vichwa tu, bila kuangalia umri, inakosea hesabu.