Zima Injini, Shuka!

Wadau, juzi nilikuwa Iringa kikazi. Bodaboda aliyekuwa ananipeleka stendi akaingia sheli moja pale Ipogolo kuweka mafuta. Dada wa pampu akagoma: "Zima injini, mshuke wote wawili."

Boda akang'aka, "Tunachelewa bwana, dada!" Na mimi, msomi mzima wa chuo kikuu, nikamuunga mkono. Dada hakubishana. Alisimama tu na mpira wake wa mafuta mpaka tukashuka.

Nilipokaa kwenye basi la Mbeya, aibu ikaanza kunipata.

Barabara ile inayajua mafuta siku nyingi. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 11, 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta. Malori yakabeba mapipa kutoka Dar, yakapita Iringa na Mbeya hadi Tunduma, kwenye vumbi na matope. Waliopita huko wakaiita njia ya jehanamu. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 hadi Ndola, likaanza kazi, lakini malori hayajaisha hadi leo.

Mwaka 2002, kule Idweli, Rungwe, lori la petroli lilianguka. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, wakafa makumi. Agosti 10, 2019 yakajirudia Msamvu, Morogoro. Safari hii walikufa zaidi ya 100.

Muuaji ni yuleyule: mvuke. Huuoni, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kutafuta cheche. Na usidhani baridi ya Mbeya inasaidia, petroli hutoa mvuke unaowaka hata chini ya nyuzi sifuri. Sasa fikiria pikipiki: tangi liko katikati ya mapaja, na chini yake injini ya moto. Yakimwagika umekaa juu, unakimbiaje?

Sheria tunazo. Ya usalama mahali pa kazi ilipitishwa 2003 ikafuta ya viwanda ya 1950, na EWURA ilianza kazi 2006. Lakini sheria haishiki pampu. Anayeshika ni yule dada, na anayemtukana kwa kuifuata ni mimi na wewe, halafu tunaandika habari za ajali kwa uchungu.

Dada wa Ipogolo, samahani sana. Siku nyingine nitashuka kabla hujasema.