Jumbo: Stori ya ndovu wa Afrika aliyekuwa selebu wa dunia nzima, na vile sarakasi ilimmaliza

Ingia supamaketi yoyote ya Nairobi utapata pakiti ya "jumbo". Magazeti ya Kizungu hapa kwetu nayo, kila ndovu wakivamia shamba la mtu, lazima yawaite "jumbos". Wasee wengi hudhani ni neno tu la kumaanisha kitu kikubwa. Kumbe hiyo maana ilienea duniani kwa sababu ya ndovu mmoja aliyeitwa Jumbo, dume wa Afrika aliyekuwa selebu kabla redio haijakuwepo, sembuse TikTok.

Alitoka wapi?

Jumbo alizaliwa karibu 1860 na akashikwa akiwa mtoto, upande ambao leo ni mpaka wa Sudan na Eritrea. Mamake aliuliwa kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa form ya wawindaji wakati huo, maana mama ndovu hawezi kukuachia mtoto wake hivi hivi. Akavukishwa jangwa, akapandishwa meli hadi Ulaya, akawekwa kwa zoo ya Paris. Mwaka wa 1865 zoo ya London ilimchukua kwa kubadilishana na kifaru.

Na jina? Kuna wanaosema limetoka kwa "jambo" au "jumbe" ya Kiswahili. Wengine wanasema ni neno la Afrika Magharibi. Huo mjadala haujawahi kuisha.

Maisha ya London

Mlezi wake alikuwa jamaa anaitwa Matthew Scott, na hao wawili walikuwa damu. Mchana Jumbo alibeba watoto mgongoni, laini ikiwa ndefu kuliko ya stage ya mathree saa kumi na moja jioni. Watoto walimpenda vibaya sana.

Usiku ilikuwa stori tofauti. Alikuwa akigonga ukuta mpaka anavunja pembe zake, na Scott alimpa pombe ndio atulie. Mifupa yake ilipochunguzwa kwa filamu ya David Attenborough ya 2017, ilionekana meno yake yalikuwa yameharibika kwa kula chakula kisichomfaa, na magoti yalikuwa yamechakaa kama ya mzee. Na alikufa akiwa na miaka kama 24 tu. Kwa ndovu, huyo bado ni kijana.

Barnum anaingia na doh

Mwaka wa 1882, mfanyabiashara wa sarakasi wa Marekani, P.T. Barnum, alimnunua kwa dola 10,000. Uingereza ikawaka. Inasemekana watoto kama 100,000 walimwandikia Malkia Victoria barua wakiomba asiuzwe. Kesi ikaenda kortini na ikaanguka. Walipojaribu kumuondoa, Jumbo mwenyewe alilala barabarani akakataa kusonga. Barnum hakushtuka. Kwake hayo yote yalikuwa matangazo ya bure.

Jumbo alifika New York Aprili 1882, na tiketi za watu waliotaka kumuona zikarudisha pesa za Barnum ndani ya wiki chache tu. Tarehe 17 Mei 1884 Barnum alivukisha ndovu 21 kwa daraja la Brooklyn, Jumbo akiwa kati yao. Daraja lilikuwa na mwaka mmoja, na watu 12 walikuwa wamekufa hapo kwenye mkanyagano baada ya uvumi kwamba linaanguka. Ndovu walipita, watu wakaamini liko imara.

Ndovu wa sarakasi alikuwa anafanya nini?

Watu waliolipa waliona tu ile sehemu ya taa na muziki. Ukweli ni kwamba ndovu ndiye alikuwa lori, kreni na bango la matangazo. Treni ikifika mjini asubuhi, ndovu walisukuma mikokoteni na kusaidia kuinua hema. Halafu gwaride mtaani ndio watu wajue shoo imefika. Halafu shoo yenyewe. Usiku hema linashushwa, wanarudishwa kwa mabehewa, safari ya mji mwingine. Kusimama kwa miguu miwili au kwa kichwa hakukuwa mchezo kwao. Walifunzwa kwa minyororo na fimbo yenye ndoano ya chuma.

Kifo na biashara baada ya kifo

Tarehe 15 Septemba 1885, huko St. Thomas, Ontario, Canada, shoo ilikuwa imeisha. Jumbo na ndovu mdogo aliyeitwa Tom Thumb walikuwa wanapelekwa kwa behewa lao wakipitia relini. Treni ya mizigo ikatokea na kuwagonga. Tom Thumb alivunjika mguu. Jumbo alikufa dakika chache baadaye, Scott akiwa kando yake akilia.

Barnum alitoa stori kwamba Jumbo alikufa akimuokoa mdogo wake. Akajazisha ngozi yake, akachukua na mifupa, akavizungusha vyote kwa shoo. Akanunua pia ndovu jike wa London aitwaye Alice na kumtangaza kama mjane wa Jumbo. Ngozi iliishia chuo cha Tufts, ikaungua kwa moto 1975. Jivu lililookotwa liliwekwa kwa mkebe wa siagi ya njugu.

Wengine waliomfuata

Topsy aliuliwa kwa stima Coney Island, New York, mwaka wa 1903 mbele ya kamera. Mary alinyongwa kwa kreni ya reli huko Erwin, Tennessee, mwaka wa 1916, baada ya kumuua mtu aliyekuwa akimwendesha. Mwaka wa 1994 Tyke, aliyetoka Msumbiji, alimuua mfunzaji wake katikati ya shoo Honolulu, akahepa hadi barabarani, na polisi wakampiga risasi nyingi mpaka akaanguka.

Mwisho wa enzi

Video ya Tyke ilibadilisha mawazo ya watu wengi. Sarakasi ya Ringling Bros. and Barnum & Bailey, iliyorithi jina la Barnum, ilistaafisha ndovu wake Mei 2016. Mwaka uliofuata ikafunga kabisa. Uingereza ilipiga marufuku wanyama pori kwa sarakasi za kusafiri kuanzia 2020, na Denmark ikanunua ndovu wake wanne wa mwisho wa sarakasi mwaka wa 2019 ndio wapumzike.

Ringling ilirudi 2023 bila mnyama hata mmoja. Sasa ni watu tu: wanaruka, wanapanda kamba, wanaendesha baiskeli hewani. Vijana wa Nairobi wanaopiga sarakasi wamekuwa wakipata kazi majuu kwa shoo za aina hiyo hiyo. Tofauti kubwa kati yao na Jumbo ni kwamba wao walichagua kwenda, na wakichoka wanaweza kurudi nyumbani.