Nijela na habasoda

Katika maduka ya viungo ya Unguja na Mombasa, habasoda haihitaji kutambulishwa. Punje zake huuzwa kwa kupimwa, mafuta yake hutiwa vichupani, na wengine huila kwa asali asubuhi kabla ya kufungua kinywa. Sifa yake imekuzwa na hadithi ya Mtume Muhammad (S.A.W.) iliyomo katika Sahih al-Bukhari, inayoitaja kuwa tiba ya maradhi yote isipokuwa kifo.

Kwa wanabotania, mmea huo ni Nigella sativa, jina lililochapishwa na Carl Linnaeus mwaka 1753. Nigella ni jenasi ya familia ya Ranunculaceae.

Jina hilo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya “nyeusi”, likawekewa kiambishi cha udogo. Habasoda nayo ni Kiarabu kilichoswahilishwa: habba ni punje, sauda ni nyeusi. Lugha zote mbili zimeliacha ua, ambalo ni jeupe au la samawati iliyofifia, zikaitazama mbegu. Ukiiweka kiganjani utaona ina pembe, tofauti na ufuta mweusi ulio bapa; ukiivunja, ndani ni nyeupe yenye mafuta na harufu kali.

Je, basi, Nigella iandikwe “habasoda”? Hapana. Habasoda ni punje ya spishi moja, ilhali jenasi ina spishi kadhaa. Mojawapo, Nigella damascena, hupandwa zaidi bustanini kwa ajili ya pambo. Ua lake huzingirwa na vijani vyembamba kama nyuzi, ambavyo ua la habasoda halina. Mbegu zake pia ni nyeusi, lakini zina alkaloidi iitwayo damasenini. Mfasiri atakayeandika “habasoda” kwenye pakiti ya mbegu hizo za bustani atampa mnunuzi sababu ya kuzitia kwenye asali yake.

Inafaa jenasi iitwe nijela, kwa matamshi ya Kiswahili, na habasoda libaki kuwa jina la N. sativa peke yake. Ile ya bustanini yaweza kuitwa nijela ya Dameski, kwa kuwa damascena humaanisha “ya Dameski”. Bizari nyembamba isiingizwe humo kabisa: hiyo ni Cuminum cyminum, ndugu wa karoti na giligilani, hata kama Waingereza wameipa habasoda jina linalofanana na lake.